Maswali ya Wasomaji: Je, Nzi Ana Ini?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nakusalimu kutoka Tanga. Binti yangu alimaliza shahada ya kwanza ya baiolojia mwaka jana, na andiko lake la mwisho lilihusu ini lenye mafuta, ugonjwa uliomsumbua marehemu babu yake. Tulifurahi tukijua kwamba ameipata njia. Sasa ameniambia kuwa anaomba nafasi ya uzamili ili achunguze neva za mabuu wa nzi wa matunda, na akamtaja mwanasayansi mmoja wa London, Alex Gould, kwamba naye ameyafanya yote mawili. Kaka yangu, ambaye ndiye anayemlipia karo, anasema huko ni kutangatanga, na kwamba isitoshe nzi hana ini. Naomba mtueleze: nzi ana ini au hana? Na mtafiti anawezaje kutoka kwenye ini kwenda kwenye ubongo wa mdudu bila kuharibu kote kuwili? (Mama msomaji, Tanga)

JIBU: Mama, tuanze na hilo la ini, kwa sababu hapo kaka yako ana haki nusu. Ukimpasua nzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, hutakuta kitu chochote kinachofanana na ini la mbuzi unalolijua jikoni. Kazi ambazo kwetu zimekusanywa ndani ya ini, kwake zimegawanywa. Sehemu kubwa, yaani kuweka akiba ya mafuta na ya sukari, inafanywa na tishu nyeupe iliyotapakaa mwilini, ambayo tutaiita tishu ya mafuta. Sehemu nyingine inafanywa na seli chache sana zilizojibanza chini ya ngozi ya ubavuni, zinazoitwa oenositi. Jina hilo zilipewa katika karne ya 19 kutokana na neno la Kigiriki la mvinyo, kwa kuwa katika baadhi ya wadudu rangi yake inaukaribia. Kwa buu wa nzi wa matunda, seli hizo ni sita hivi kila upande wa pingili, katika pingili saba za tumbo, kwa hiyo ukizihesabu zote hazifiki 100. Hizo ndizo zilizomfikisha Gould kwenye ini, na jambo ambalo kaka yako hatalitarajia ni kwamba alizifikia kwa kupitia mlango wa neva.

Maabara yake wakati huo ilikuwa Mill Hill, kaskazini mwa London, katika taasisi ya utafiti wa tiba ambayo mwaka 2015 iliunganishwa na Taasisi ya Francis Crick. Swali lililokuwa mezani lilihusu kiinitete na wala halikuhusu ugonjwa: seli za ngozi zinazofanana zinajuaje ipi igeuke kuwa nini? Katika ubavu wa kiinitete cha nzi kuna seli moja changa ambayo baadaye huzaa kiungo cha hisi, kile kinachopokea mvuto na mtetemo wa misuli. Mwaka 2001 Gould na wenzake wawili walieleza kwamba seli hiyo hutoa ishara ya kikemikali kwa jirani zake, na jirani zenye protini iitwayo Spalt huitikia kwa kuwa oenositi. Ukiiondoa Spalt, ishara ile ile inasikika vingine: oenositi hazitokei, na mahali pake panaongezeka viungo vya hisi. Sisi tunasema neno kali hukata maini, lakini kwa nzi seli ya hisi ndiyo inayoyaita maini yatokee. Nadhani mtafiti aliyeliona jambo hilo kwa macho yake asingeweza tena kuamini kwamba neva na ini ni vyumba viwili visivyo na mlango kati yake.

Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba seli hizo zinafanya kazi za ini. Ushahidi ulikuja mwaka 2007 katika jarida la Nature, na namna ulivyopatikana inastahili kuangaliwa kwa karibu. Chukua buu aliyeshiba, mfungue, umtie rangi inayoshika mafuta, kisha umweke chini ya darubini: tishu ya mafuta imejaa rangi, ilhali oenositi ziko karibu tupu. Chukua mwenzake aliyenyimwa chakula, umfanyie vivyo hivyo, nawe utaona zile seli sita za ubavuni zimejaa vitone vya mafuta, moja baada ya nyingine, kama punje zilizovimba majini. Mafuta ya akiba yamefunguliwa ghalani na kupelekwa huko yashughulikiwe. Watafiti wakaenda hatua moja zaidi wakaziua oenositi kwa njia ya kijenetiki, na buu mwenye njaa akashindwa kuitumia akiba yake ipasavyo. Hivyo ndivyo ini letu linavyofanya mtu anapofunga kwa muda mrefu: mafuta hutoka chini ya ngozi na kiunoni, huingia katika seli za ini, na huko hugeuzwa kuwa nishati inayoweza kusafirishwa.

Kaka yako akiuliza mambo hayo yanatuhusu nini, mkumbushe kwashiakoo. Watu wa umri wetu tumewaona watoto hao: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu nyekundu na nyepesi, uso umetuna kana kwamba mtoto ameshiba, kumbe amelishwa uji mtupu tangu alipoachishwa ziwa. Madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, miongoni mwao Hugh Trowell, waliuchunguza sana ugonjwa huo katikati ya karne iliyopita, na mojawapo ya dalili zake zinazojulikana ni ini lililojaa mafuta katika mwili usio na chakula cha kutosha. Sisemi kwamba buu mwenye njaa ni sawa na mtoto mwenye kwashiakoo. Kwa mtoto huyo maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ini linakosa protini ya kuyafungia mafuta yapate kutoka, na ini lenye mafuta la babu wa binti yako huenda lilikuwa na asili nyingine kabisa, kama vile kisukari, unene au pombe. Ninachosema ni kwamba swali la kwa nini mafuta huingia katika seli za ini, na kwa nini hayatoki, linaweza kuulizwa kwa buu mmoja mmoja na jeni moja moja, kwa kasi ambayo hakuna hospitali inayoiweza.

Baada ya hapo mtu angetegemea Gould ahamie moja kwa moja kwenye magonjwa ya ini. Hakuhama. Maabara ile ile ilikuwa tayari ikichunguza seli shina za ubongo wa buu, zile zinazogawanyika kuzaa seli za neva, na sasa ikaanza kuuliza chakula kinazifanyia nini. Buu anapoanguliwa, nyingi za seli hizo zimelala. Zinaamka anapokula, na hasa anapokula protini. Mwaka 2011 Rita Sousa-Nunes na wenzake katika maabara hiyo walionyesha njia ambayo habari hupita: tishu ya mafuta inaonja kwamba chakula kimefika, inapeleka taarifa kwenye ubongo, seli saidizi za ubongo zinazoitwa glia zinatoa homoni za jamii ya insulini, na ndipo seli shina zinapoamka. Yaani ghala ndilo linaloiamsha shule. Mwaka huo huo Louise Cheng, wa maabara hiyo hiyo, alitoa upande wa pili wa habari: buu akinyimwa chakula mwishoni mwa ukuaji wake, viungo vingine vinasimama lakini ubongo unaendelea, kwa sababu glia inazipa seli shina ishara nyingine isiyotegemea chakula. Wakunga na madaktari wa watoto wanalijua jambo linalofanana na hilo kwa mtoto aliyekosa lishe tumboni, ambaye kichwa chake kinakaribia ukubwa wa kawaida ilhali kiwiliwili ni chembamba.

Halafu ikaja makala ya mwaka 2015, ambayo ningeomba kaka yako aisikilize kabla ya hizo nyingine zote. Mabuu walipowekwa mahali penye oksijeni kidogo, glia zilizozunguka seli shina za ubongo zilijaa vitone vya mafuta, vile vile vilivyoonekana katika oenositi za buu mwenye njaa. Mtu aliyezoea ini pekee angeviona vitone hivyo akasema seli imeanza kuugua, maana hospitalini ndivyo vinavyosomwa. Mtu aliyezoea ubongo pekee huenda asingevijali. Andrew Bailey, Gould na wenzao waliuliza vinafanya kazi gani, wakakuta kwamba ni kinga: mafuta yale yanayoharibika upesi yanatolewa kwenye kuta za seli na kufungiwa ndani ya kitone, mahali ambapo sumu za oksijeni haziyafikii kwa urahisi, na kwa hiyo seli shina zinaendelea kugawanyika. Glia zikizuiwa kutengeneza vitone, seli shina zinaumia. Kitone kile kile kinachohesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa mahali pamoja ni ngao mahali pengine, na si rahisi kuligundua hilo kwa mtu ambaye hajakaa pande zote mbili.

Sasa nirudi kwenye wasiwasi wako kama mzazi. Ufundi wa binti yako hautakuwa katika ini wala katika ubongo, utakuwa katika kuendesha jeni za nzi. Tangu mwaka 1993, Andrea Brand na Norbert Perrimon walipochapisha mbinu ya kuwasha jeni yoyote katika aina moja tu ya seli, mikono inayoweza kuifanyia kazi oenositi Jumatatu inaweza kuifanyia kazi seli ya neva Jumanne, kwa nzi wale wale na darubini ile ile. Ni kama fundi cherehani anayeshona kanzu na suruali. Hata hivyo sitakuficha kwamba kuna gharama: mwenye kushika mada mbili anasoma maandiko ya jamii mbili, anahudhuria mikutano miwili, na akija kuomba kazi kila upande humwona mgeni. Gould mwenyewe alikuwa na maabara yenye watu, kila mmoja na kipande chake, na mwanafunzi wa uzamili hana jeshi hilo. Kwa hiyo mshauri binti achague swali moja lenye mpaka, kwa mfano lishe na seli shina, na asiliache ini kichwani hata kama haliko mezani. Kaka yako naye aendelee kulipa karo.

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa Mombasa. Je, kuna ugonjwa wowote wa ini wa binadamu ambao chanzo chake kilieleweka kwa sababu ya utafiti wa neva za nzi? (Muuguzi, Mombasa)

JIBU: Upo, dada yangu, na ni wa watoto. Unaitwa sindromu ya Alagille, kwa jina la daktari wa watoto wa Ufaransa, Daniel Alagille. Mtoto anazaliwa na vijia vichache mno vya nyongo ndani ya ini, nyongo inarudi nyuma, macho yanakuwa ya manjano, na mwili unamwasha kiasi cha kujikuna mpaka damu. Mara nyingi mishipa inayopeleka damu mapafuni nayo huwa myembamba, na katika picha ya eksirei baadhi ya pingili za uti wa mgongo huonekana zina umbo la kipepeo.

Mnamo miaka ya 1910, katika maabara ya Thomas Hunt Morgan huko New York, walionekana nzi wenye mabawa yaliyomeguka pembeni, na jeni iliyohusika ikaitwa Notch. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Donald Poulson aligundua kwamba kiinitete kisicho na jeni hiyo kabisa hufa kikiwa na seli za neva nyingi kupita kiasi, huku ngozi ikipungua: seli ambazo zingekuwa ngozi zimekuwa neva, kwa kuwa hakuna aliyeziambia ziache. Notch, basi, ni masikio ya seli, ambayo kwayo seli husikia jirani yake ameshachagua kuwa nini. Ilichukua miaka mingi hadi jeni yenyewe ilipotengwa na kusomwa katika miaka ya 1980, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni Spyros Artavanis-Tsakonas, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale. Kisha mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yakaonyesha kwamba watoto wenye sindromu ya Alagille wana hitilafu katika jeni ya JAG1, inayotengeneza protini inayoongea na masikio hayo. Katika ini, mazungumzo hayo ndiyo yanayoziambia seli zijipange kuwa vijia vya nyongo. Wagonjwa wachache wana hitilafu katika NOTCH2 yenyewe.

Mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto, ingawa katika familia moja mmoja anaweza kuugua sana na mwingine asijue kama anayo. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya maralixibat kwa ajili ya mwasho wa watoto hawa; inazuia asidi za nyongo zisifyonzwe tena kutoka utumbo, lakini haiongezi vijia. Kwa wodi yako lililo muhimu zaidi ni la kawaida kabisa: mtoto mchanga ambaye macho yake bado ni ya manjano baada ya wiki mbili, hasa kama choo chake ni cheupe, asiambiwe aanikwe jua tu. Apelekwe kwa daktari upesi, kwa kuwa miongoni mwa watoto wa namna hiyo wako wenye kuziba kwa njia za nyongo, ambao upasuaji wao hufaulu zaidi ukifanywa katika siku 60 za mwanzo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Kampala. Utafiti wa namna hii unaweza kufanyika huku kwetu, au ni lazima London? (Mwanafunzi, Kampala)

JIBU: Unafanyika, tena karibu nawe. Tangu mwaka 2011 shirika la TReND in Africa limefundisha neurobiolojia ya wadudu kwa kutumia nzi wa matunda katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala iliyoko Ishaka, magharibi mwa Uganda. Mmoja wa waanzilishi wake, Lucia Prieto-Godino, leo ana maabara katika Taasisi ya Crick, ile ile ya Gould, na huchunguza neva za kunusa za wadudu, mbung'o wakiwamo. Nzi hawa hawali sana: unga wa mahindi, hamira, sukari na agari katika kichupa kilichozibwa kwa pamba, na kwa joto la nyuzi 25 kizazi kipya kinatoka baada ya siku 10 hivi. Kinachogharimu ni darubini nzuri na umeme usiokatika.

Pia usidhani kwamba wazo la kuunganisha mafuta na neva limeletwa na meli. Thomas Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere kisha Cambridge, na ambaye mwaka 1970 aliianzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, jijini Nairobi, alifanya utafiti juu ya nzige wa jangwani kwa kuziondoa tezi mbili ndogo zilizo nyuma ya ubongo wao. Nzige dume aliyeondolewa tezi hizo alilundika mafuta katika tishu yake ya akiba, na mwendo wake ukapungua. Odhiambo aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1966 katika Journal of Experimental Biology, sehemu ya kwanza ikiwa juu ya mafuta na ya pili juu ya mwendo. Makala hizo bado zipo katika kumbukumbu za jarida hilo, nawe pamoja na binti wa Tanga mnaweza kuzisoma.